Bibi Aliyesukuma Gari Letu

Anayetaka kucheka na acheke. Haya yamenifika mimi mwenyewe, mwezi wa saba uliopita, hapa hapa Mtongwe, na mama yangu mzazi alikuwa kiti cha nyuma akiyaona.

Mwaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Watu wa bara hutucheka, lakini mvua ya kusi ikipiga usiku kucha, hata gari hugoma. Stata ya gari langu ilikuwa imechoka. Fundi alishaniambia niibadilishe, nami nikawa nasema kesho, kesho. Mchana wa jua gari liliwaka vizuri tu. Asubuhi ya baridi, ukizungusha ufunguo wasikia "tik", basi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka mama kliniki ya figo, ng'ambo kisiwani. Ukichelewa, nafasi yako kwenye mashine ya kusafisha damu hupewa mwingine. Nikazungusha. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Kumekucha, lakini mvua imewafungia watu majumbani. Ni nani wa kunisukuma?

Ndipo akaja bibi mmoja, leso kichwani, amelowa chapachapa. Kwa sura simjui.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Limekataa?"

"Ni stata, bi. Baridi hii imeimaliza."

"Mimi naenda feri, nina mgonjwa kisiwani. Nikikusukuma, utanichukua?"

"Wallahi nitakuchukua."

Niliapa, mwasikia? Nikashika usukani, nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya pili. Niaminini, gari lile wanaume wazima hulisukuma wakihema. Yeye peke yake alilipeleka kama kigari cha mtoto. Nikaachia klachi, likanguruma, likawaka.

Sikusimama.

Niliogopa kwamba nikipunguza mwendo litazima, mama akose mashine. Nikajiambia, atapata tuktuk huyu. Kwenye kioo nikamwona anakimbia, mkono juu.

"Simama," mama akasema.

"Mama, likizima hatufiki."

"Si umeapa?"

Nikakanyaga mafuta. Tulipokata kona, nyuma hakukuwa na mtu.

Tulipoingia ndani ya feri, mlinzi akagonga dirisha: zima injini. Ndiyo sheria, na naijua miaka yote. Nikazima. Yaani kule kuzima kulikonifanya nimkimbie bibi wa watu kulikuwa kukiningoja pale pale. Niliona haya hata kumtazama mama.

Katikati ya maji nikamsikia anazungumza polepole. Nikadhani yuko kwenye simu. Nikatazama kioo: amejibana dirishani, kama mtu aliyempisha mwenzake kitini.

"Mama, wasema na nani?"

"Nyamaza. Amechoka kukimbia."

Nikageuka. Mama yuko peke yake, lakini kiti kando yake kimelowa, maji yanatiririka hadi sakafuni, na madirisha yote yamefungwa.

Tulipofika ng'ambo nikazungusha ufunguo. Stata ikashika mara ya kwanza. Mama akashusha pumzi.

"Ameshuka. Amesema hana kinyongo nawe. Ila mgonjwa wake hakumuwahi."

Jioni nilimwuliza jirani yetu mmoja, mkaazi wa siku nyingi. Akanieleza. Zamani palikuwa na bibi hapo Mtongwe, mwanawe amelazwa kisiwani. Asubuhi moja ya mvua alisimama njiani akiomba lifti, magari yakampita. Akaamua kwenda kwa miguu. Hakufika feri, lori lilimgonga njiani. Na mwanawe alikata roho siku hiyo hiyo, akimwulizia.

Stata nimeibadilisha. Kiti ndicho kimenishinda. Nakianika juani, kinakauka kabisa. Asubuhi ya baridi nakikuta ki maji. Na kila nikimwuliza mama walizungumza nini, hunijibu neno moja: "Ungesimama, ungesikia mwenyewe."

Basi nanyi, mtu akiwasukumia gari, mngojeni. Likitaka kuzima, lizime. Mimi nilimwacha mama wa mtu akikimbia mvuani, naye akanisamehe kabla sijamwomba radhi. Sasa nitamwomba wapi?