Wake Wawili wa Fundi Felisiani

Naanza na hili ili lisije likanisumbua huko mbele: Fundi Felisiani hakuwahi kuoa. Si Karema, si Inyonga, si popote pale. Nimeuza dagaa na nyanya pembeni ya banda lake la baiskeli hapa Makanyagio tangu mwanangu wa kwanza, Heri, akiwa mgongoni, na kabla ya hapo tulikulia kijiji kimoja kule Usevya, yeye akifukuza ndege kwenye mpunga wa baba yake na mimi kwenye wa baba yangu. Kama kungekuwa na mke ningemjua, na huenda ningekuwa nimeshagombana naye.

Banda lake liko njiani mwa shule ya sekondari. Asubuhi wanafunzi wanapita kujaza upepo, jioni wanapita hata wale wasio na baiskeli. Wanachofuata ni insha.

"Leo mwalimu kawapa nini?" Felisiani atauliza, huku anaiweka spana chini kama mtu anayesubiri sahani ya wali.

Mtoto anataja kichwa cha insha, na hapo ndipo ugonjwa wake unapoanza. Wakipewa madhara ya kukata miti, Felisiani aliwahi kuchoma mkaa mpaka chemchemi ya kijiji ikakauka, na wazee wakamfukuza. Wakipewa ufugaji wa nyuki, alikuwa na mizinga msitu mzima na nyuki walimjua kwa sauti. Wakipewa siku nisiyoisahau, kiboko alimkimbiza kutoka mtoni mpaka mlangoni mwa kanisa, akakaa pale nje kusubiri misa iishe. Walipopewa ajali za barabarani alivunjika mguu, wa kulia kwa kidato cha kwanza na wa kushoto kwa kidato cha tatu. Siku walipopewa utandawazi mimi sikujua ni kitu gani, na nina hakika yeye pia hakujua, lakini yule mtoto aliondoka na kurasa mbili.

Nilikuwa namsema. "Felisiani, iko siku watakuuliza hiyo miguu."

"Marsela, hawa watoto wanaambiwa waandike mambo waliyoyaona," ananijibu. "Wameona nini? Njia ya shule na shamba la mama yao. Halafu nikiwapa wote kitu kimoja, mwalimu atasema wameibiana."

Ningemsema zaidi, ila nami nilikuwa nacheka. Siku ya kiboko nilicheka mpaka paka akapata nafasi ya kuingia kwenye dagaa.

Sasa yupo huyu binti, Lidia, wa kidato cha pili, mwimbaji wa kwaya. Ni mtoto ambaye ukimuuliza habari yake anafikiri kwanza ndipo akujibu. Akaja jioni moja na daftari amelikumbatia. Shikamoo kwangu, shikamoo kwa fundi, akasema wamepewa madhara ya kuoa wake wengi.

Felisiani akashusha pumzi ndefu, akatazama barabarani. Nikajua tumekwisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina wake wawili. Mmoja yuko Karema, ziwani. Mwingine yuko Inyonga. Yule wa Karema akininusa anasikia asali, anajua nimetoka Inyonga. Yule wa Inyonga akininusa anasikia samaki. Nikinunua sabuni ndiyo mbaya zaidi, maana wote wanauliza nimejisafishia nini."

Lidia alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo uliwaacha, babu?"

"Utawaachaje? Bado wananisubiri mpaka leo."

"Na ulifunga nao ndoa?"

Hapo angeweza kusema hapana, tukawa salama. Lakini mtu akishanogewa, breki hana, hata awe fundi. "Kanisani kabisa," akasema. "Pete, keki, na picha ya ukutani."

Ile insha ilisomwa mbele ya darasa, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Lidia alikuja kumshukuru. Felisiani alifurahi wiki nzima, anapiga mluzi huku anaziba pancha.

Mwaka uleule akatokea Jeannine. Ni mjane wa Shanwe, kwao Katumba, katika zile familia zilizotoka Burundi enzi za babu zake. Anauza maharage na unga wa muhogo, si mtu wa maneno mengi, na akipima maharage haongezi wala hapunguzi. Alileta baiskeli ambayo kiti cha nyuma kilikuwa kimevunjika. Kikatengenezwa. Akaja tena, baiskeli inaumwa kidogo. Akaja mara nyingine, na safari hiyo niliiangalia ile baiskeli mwenyewe, ilikuwa nzima kuliko mimi.

Kilichonishangaza ni Felisiani. Mwanaume mwenye viboko, nyuki na miguu ya kuvunjika, mbele ya yule mama alikuwa anasema "karibu" na "iko tayari" na "safari njema," basi. Nilidhani anaumwa. Kumbe alikuwa anapenda, na mapenzi yamemkuta na mvi. Posa ikapelekwa Katumba, kaka zake Jeannine wakakubali, tukaandikisha ndoa parokiani.

Kanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na tangazo la kwanza lilipita na vigelegele. Jumapili ya pili paroko akalisoma tena, akaongeza maneno yake: "Mwenye kujua kizuizi chochote asinyamaze. Kunyamaza ni kosa mbele ya Mungu."

Nilikuwa nimekaa upande wa kwaya. Nikamwona Lidia ameduwaa, mdomo wazi, wenzake wanaimba na yeye haimbi. Misa ilipoisha hakuvua hata joho. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa paroko, na insha yake alikuwa anaikumbuka kwa kichwa.

Mpaka jioni kwaya nzima ilikuwa inajua. Kesho yake Shanwe yote ilikuwa inajua, na baadhi ya watu walikuwa wameshawazalia wale wake watoto. Jeannine hakuja bandani, wala hakutuma mtu.

Paroko akatuita wote: Felisiani, Jeannine, Lidia, na mimi, kwa sababu mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu na ndiye shahidi anayemjua bwana harusi tangu utoto. Asubuhi ile nilimkuta Felisiani amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa kwenye benchi la wateja, banda limefungwa.

"Marsela, atanikataa," akaniambia. "Nina miaka hamsini na nane. Sijawahi kutaka kitu kama hiki."

Nilikuwa nimejiandaa kumpiga na pampu yake mwenyewe. Nilipomwona vile, hasira zikaniisha, nikamfunga kifungo alichokisahau, nikamtengeneza na kola.

Ofisini tulimkuta pia mwalimu Simon, anayefundisha Kiswahili pale shuleni, na rundo la insha kwapani. Paroko alikuwa amemwita. Lidia alikuwa analia kimyakimya, anadhani ameua mtu.

"Baba," mwalimu Simon akaanza, naye anajikaza asicheke, "nilipoambiwa habari hii nilizunguka madarasa yote nikakusanya insha zinazomtaja fundi wa Makanyagio. Kwa mujibu wa insha hizi, mwaka ambao alioa Karema alikuwa pia mgodini amefukiwa na kifusi. Tena alikuwa amelazwa, mguu umevunjika. Hii nyingine inasema mwaka huohuo alikuwa refa."

Paroko akazichukua, akasoma moja, akasoma ya pili. Kwenye ile ya kiboko akavua miwani akafuta macho. Nikaapa kwa Biblia kwamba huyu mtu hajawahi kuwa na mke, na kwamba hata rafiki wa kike sikumwona. Felisiani akainamisha kichwa. Si sifa, lakini ilikuwa inasaidia.

"Binti," paroko akamwambia Lidia, "ulifanya ulichotakiwa kufanya. Kosa si lako." Kisha akatutazama sote. "Kwangu mimi kizuizi hakipo."

Nikaanza kunyanyuka. Lakini Jeannine hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili.

"Baba, hilo nimelielewa, kwamba hana mke," akasema. "Sijaelewa ana nini. Watoto wote hao kawapa maisha, kila mmoja ya kwake. Mimi kaniambia baiskeli iko tayari. Aseme maisha yake hapahapa, mbele yako na mbele ya Mama Heri. Ya kweli."

Felisiani akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akalamba midomo.

"Nimezaliwa Usevya," akasema. "Nimesoma mpaka la saba. Mjomba akanileta hapa nijifunze baiskeli. Mjomba akafa. Mama akapooza, nikamleta kwangu, nikakaa naye mpaka nikamzika." Tukangoja. "Baiskeli zikaendelea. Nilikwenda Tabora mara moja. Mvua ilinyesha, nikarudi."

Tukaendelea kungoja, na yeye akaendelea kusimama.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Nilitaka kumsaidia, niongezee hata mbuzi. Nilitafuta kichwani mwangu, mimi niliyemwona maisha yangu yote, sikupata cha kuongeza. Hakuna aliyekuwa anamlisha mama yake ila yeye. Alikuwa anamwogesha, anambeba nje aote jua, anarudi kwenye tairi na mikono bado ina harufu ya sabuni. Miaka imepita hivyo. Utaisimulia vipi?

"Kwa nini hukuniambia?" Jeannine akamuuliza.

"Ni fupi," Felisiani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ikiwa vile. "Niliogopa ukishaisikia utaniuliza, halafu? Na mimi halafu sina."

Machozi yalinitoka palepale mbele ya paroko, na sioni aibu kusema. Jeannine akasimama, akauweka mkoba begani. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili, nikajua anaondoka, na sikuwa na la kumlaumu. Hata mwalimu Simon akatazama dirishani.

Hakwenda mlangoni. Alimwendea Felisiani, akasimama karibu naye kuliko inavyofaa ofisini kwa padre, akamtengeneza kola ya shati ambayo nilikuwa nimeshaitengeneza mimi.

"Halafu ni mimi," akamwambia.

Kisha akamgeukia paroko. "Baba, Jumapili tangaza mara ya tatu. Na utangaze kwa sauti, kule nyuma huwa hatusikii."