Maboksi Mawili ya Bi Otília

Neuraci alikuwa na nyumba mia moja arobaini na mbili za kuzungukia, na kwa miaka tisa hakuna hata moja aliyowahi kuiruka. Katika mji wao mdogo, bara ya jimbo la Paraíba, ambako mvua huja inapojisikia, yeye ndiye aliyepima wazee presha, akawahesabia vidonge na kuwapelekea dawa kutoka zahanati wale wasioweza kutembea. Walimwita "binti wa presha", ingawa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na mjukuu mmoja.

Alhamisi moja asubuhi alimkuta Bi Otília amekaa kitini, mto wake wa kufumia lesi uko sakafuni. Hilo peke yake lilimshangaza. Mjane yule wa miaka sabini na minane alikuwa hakai bila uzi mkononi.

"Karibu, mwanangu. Hiyo fulana yako umeifua na manjano?"

Neuraci akacheka, akajitazama. Fulana ilikuwa nyeupe pee.

"Si nyeupe hii, Bi Otília?"

"Nyeupe wapi? Hata ukuta wangu umekuwa wa njano. Tangu Jumatatu naona kama nimefungwa ndani ya boga."

Mezani kulikuwa na sahani ya ugali wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, umekauka, haujaguswa. Bi Otília alisema chakula kinamtia kichefuchefu. Neuraci akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Akahesabu dakika nzima, akarudia. Mapigo thelathini na manane.

"Dawa unakunywa?"

"Zote. Hata ile mpya."

"Mpya ipi?"

"Ile uliyoniletea wewe, ya boksi jekundu."

Hakuwa amemletea dawa yoyote mpya. Alikwenda kabatini akatoa boksi la bluu na boksi jekundu, akayaweka sambamba. Dawa ilikuwa moja, ya moyo, jina lile lile, nguvu ile ile. Viwanda tu ndivyo vilivyotofautiana. Kwa siku kumi na mbili Bi Otília alikuwa akinywa dozi mara mbili.

Ndipo akakumbuka. Siku alipoleta boksi jekundu alikuwa na haraka. Boksi alilipitisha juu ya geti akasema, "Maelezo yameandikwa hapo, utasoma," na Bi Otília akajibu, "Nitasoma."

"Hebu nisomee hapa, Bi Otília."

"Miwani sijui nimeiweka wapi."

Miwani ilikuwa usoni kwake. Bi Otília akageuza uso.

"Sijui kusoma. Haya, umefurahi?"

Miaka tisa Bi Otília alikuwa amemficha. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kufunua kurasa pale pale wenzake walipofunua. Dawa alizijua kwa rangi za maboksi.

Neuraci akampigia simu nesi wa zahanati, Marlúcia, akamweleza yote.

"Dawa hiyo ikizidi mwilini hupunguza mapigo na kumfanya mtu aone njano. Asinywe kitu kingine," Marlúcia alisema. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Ambulensi imeenda kumchukua mama mjamzito, usiisubiri. Na maboksi yote uyabebe."

Jirani, Mzee Gildásio, alikuwa akipakia matikiti kwenye pikapu. Aliposikia, hakuuliza mara mbili. Aliyashusha mengine barabarani, akamlaza Bi Otília kiti cha mbele, kichwa mapajani mwa Neuraci. Kilomita arobaini na tano, nusu yake vumbi.

"Endesha polepole, unanivunja mbavu," Bi Otília alilalamika.

"Nikienda polepole utanifia humu, halafu wanao wataniuliza mimi," Mzee Gildásio alimjibu.

"Gari lenyewe hili? Aibu hata kufia."

Neuraci alihesabu mapigo: thelathini na sita. Thelathini na tatu. Darajani mkono wa Bi Otília ukalegea na macho yakapinduka. "Bi Otília. Bi Otília, nisikie." Mzee Gildásio hakugeuka, alikanyaga mafuta tu, huku midomo yake ikisali.

Walimpokea akiwa bado anapumua. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alishika yale maboksi.

"Bibi amechanganyikiwa? Ana tatizo la kusahau?"

Neuraci angeweza kuitikia. Neno moja tu lingeandikwa kwenye faili, na jambo lingeisha.

"Hapana," akasema. "Akili yake ni timamu. Hajui kusoma, na mimi ndiye niliyempa boksi la pili bila kumweleza."

Bi Otília alilazwa siku sita, nyaya kifuani, hadi moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Neuraci alipewa barua ya onyo, akaisaini. Wiki iliyofuata alianza upya nyumba zote mia moja arobaini na mbili. Hakuuliza tena kama mtu amesoma; alisema, "Nioneshe unavyokunywa," kisha akakaa akatazama. Wazee kumi na saba walikuwa wakikosea, na wawili kati yao walikuwa walimu wastaafu.

Kwa Bi Otília alikwenda na vifuko alivyovichora jua na mwezi.

"Vitoe hivyo," Bi Otília alisema. "Mimi si mtoto wa chekechea. Lete vitambaa."

Akashona mwenyewe vifuko viwili, kimoja cha uzi mweupe, cha asubuhi, kingine cha uzi mweusi, cha jioni, na fundo moja kwa kila kidonge. Neuraci akavijaza, wakahakiki pamoja mara tatu.

"Na lile jambo langu," Bi Otília aliuliza bila kuinua macho, akishonea kifuko cha jioni kamba ya kufungia, "umemwambia nani?"

"Daktari na Marlúcia. Ilibidi."

"Basi waishie hao," akasema, na akaendelea kushona.