Yago ya Frankline

“Mama, usinizungushe. Yago iko wapi?”

“Imebebwa.”

“Imebebwa na nani?”

“Na kiboko,” nikamwambia. “Alikuja nikiwa nafagia. Akapiga hodi vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akaichukua kwa mdomo akaenda zake.”

Ogola mwanangu akavua kofia, akaiangalia ndani kama mtu anayetafuta subira aliyoiweka humo. Ana wajukuu sasa, lakini akikasirika masikio yake husimama vilevile kama siku niliyomzaa. Karibu naye alikaa jaduong' Oluoch, mzee wa ukoo, fimbo katikati ya magoti. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa upande wa kulia wa nyumba ya Frankline. Turubai limefungwa, viti vya kanisa vimeletwa, wali unachemka. Kitu cha kuzika ndicho hakipo.

“Ni Caren,” Ogola akamwambia mzee. “Jana jioni tulimwonyesha. Akaiangalia, akasema, ‘Huyu si yeye,’ akatoka. Leo asubuhi hayupo, na yago haipo. Ameamua tena kwamba mume wake hatazikwa.”

“Huyo kiboko alikuwa na kovu kwa shavu,” nikasema. “Nikimwona namjua.”

Kama hujui mila yetu, usicheke. Mtu wetu akipotea majini au vitani na mwili usionekane, hatuiachi roho yake izunguke kama mbuzi aliyekata kamba. Tunatafuta yago, lile tunda refu la mwegea linaloning'inia kama mguu wa mtu aliyekaa tawini. Tunalililia, tunalizika nyumbani kwake, na tangu hapo ni yeye amelala.

Frankline alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa marehemu kifungua mimba wangu, na alikuwa mwanajeshi. Alipotelea Somalia, kambi yao ilipovamiwa alfajiri na al-Shabaab. Wenzake wengine waliletwa ndani ya jeneza. Yeye aliletwa ndani ya neno: hajulikani alipo. Elsie, binti yake, siku hiyo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Leo Elsie anabeba maji.

Miaka hiyo yote Ogola alisema tuzike, Caren akasema tungoje. Na usifikiri Ogola ana roho mbaya. Byron, mdogo wake Frankline, hawezi kujenga mji wake kabla mkubwa wake hajalazwa, na msichana aliyemposa ameanza kuangalia pembeni. Halafu juzi juzi Caren akapiga simu mwenyewe kutoka Kisumu. “Haya, Baba,” akamwambia Ogola. “Tumlaze.” Akaja. Na jana akasema, huyu si yeye.

“Jua likifika hapo juu,” Ogola akaonyesha kwa kofia, “Byron atapanda mti akate nyingine. Tutazika, Caren awepo asiwepo.”

Mwanamke akizikiwa mume akiwa hayupo, watu watasema alimkana. Lakini watu ni watu, watasema hata ukiwapikia. Mimi niliogopa kitu kingine: Caren kukaa maisha yake yote bila kumtupia mume wake hata kiganja kimoja cha udongo. Kwa hiyo asubuhi hiyo nilikuwa na kazi moja, kusema uongo mpaka arudi. Kulima nimeshindwa, magoti nayo yamenishinda. Kazi hiyo bado naiweza.

“Jaduong',” nikasema, “unakumbuka Frankline alivyokuwa mrefu?”

“Alikuwa mrefu,” mzee akakubali.

“Mrefu tu? Mvua ikinyesha ilimfikia yeye kwanza, sisi tunapata mabaki. Nilikuwa namtuma aanike omena juu ya paa, bila ngazi. Korongo walikuwa wanamsalimu kwa jina.”

Oluoch akacheka chini kwa chini. Ogola akasema, “Mama!”

“Na huo urefu ndio uliompa mke. Si unajua pale Luanda Kotieno, ule mwegea karibu na kivuko? Alikuwa kwa likizo, amevaa lile sweta la kijani la jeshi, anatembea kama serikali yote ni yake. Akagonga kichwa kwa yago, pu! Akakaa chini na sweta lake. Caren alikuwa ametoka Mbita na feri, beseni la samaki wa kuchoma kichwani. Alicheka mpaka beseni likaanguka. Akaja hapa kwangu amekasirika, ati mjukuu wangu amlipe samaki. Nikamwambia, huyo hana pesa, mchukue mwenyewe.”

Hiyo ni kweli. Karibu yote.

Basi wakakodi chumba Nyalenda, mjini Kisumu, na Caren akaanza kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishaenda kwa wenye friji. Kwa wengine hiyo ni takataka. Mpe Caren chumvi na karai la mafuta, utanyonya vidole mpaka vya jirani. Mwili wake wote unanuka samaki, na Frankline alikuwa anasema hakuna marashi yanayoshinda hayo.

Kabla hajaondoka alikuja kuniaga. Mimi sijui ramani, sikwenda shule kuionea huko, kwa hivyo akanichorea chini kwa kidole. Hapa ziwa letu, hapa Nairobi, hapa mpaka, na hapa, dani, bibi yangu, ndipo ninapokwenda. Kuku akapita akakanyaga Somalia yote. Tukacheka, akachora tena.

“Mnaenda kupigana na nani?” nikamuuliza.

“Tunazuia vita visifike huku.”

“Na wenye nchi wanasema nini?”

Akapangusa vumbi kidoleni. Alikuwa ameshaenda mara moja, huu ulikuwa mzunguko wa pili. “Kuna wanaotuletea maji, dani. Kuna wanaotupiga risasi. Wakati mwingine ni kijiji kimoja, na siwezi kujua nani ni nani mpaka nimekaribia.”

Nilitaka kumwambia basi usikaribie. Lakini hilo huwezi kumwambia mwanajeshi. Nikamfungia njugu.

Akiwa huko alikuwa anapiga simu mtandao ukikubali. Hakuwa na maneno mengi. Alimwambia Caren, “Unakaanga? Weka simu karibu na karai.” Basi Caren anashika simu juu ya mafuta, samaki analia shaaa, na huko jangwani jitu zima limetulia linasikiliza. Wateja walidhani mwanamke ana wazimu. Mpaka leo, akitumbukiza samaki wa kwanza, mkono wake wa kushoto hunyanyuka peke yake. Nimeuona kwa macho yangu, na hapo siongezi kitu.

“Mama,” Ogola akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa imelainika, “hayo yote tunayajua. Frankline alikuwa mtoto wangu pia. Lakini Caren anangoja nini?”

“Hangoji. Safa alishamtoa kwa kungoja.”

“Safa ni nani?” mzee akauliza.

Nikamweleza, na hapa sikuhitaji uongo. Safa anauza vitambaa mjini Kisumu. Ni Msomali, alikimbia vita hivyohivyo akiwa msichana. Walikuwa marafiki, Caren anampelekea samaki, Safa anamkatia pazia. Habari za kambi zilipokuja, Caren akaanza kupita mbele ya duka bila kusalimu, kama vile Safa ndiye aliyeshika bunduki. Safa hakubishana. Siku moja alikuja Nyalenda na chupa ya chai ya tangawizi, akakaa juu ya mtungi wa maji uliolala, akamimina vikombe viwili. Akarudi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Mpaka Caren akanywa.

Na ni Safa aliyemwambia, mwaka huu, kuhusu kaka yake ambaye wanamgambo walimtoa nyumbani asionekane tena. “Tulimwombea dua,” akasema. “Lakini watu wengine siku ya kumkumbuka mtu wao wanakwenda wanang'oa majani kaburini. Mimi sina majani ya kung'oa.” Caren alinisimulia hayo kwa simu, nikasikia karai. Halafu ndipo akampigia Ogola.

“Sasa kama alikubali,” Ogola akasema, “kwa nini akasema, huyu si yeye?”

Hapo uongo ukaniishia, nakwambia. Nilikuwa nimeiona ile yago waliyoleta jana: tunda la mti wa karibu, nene, fupi kama mkono wa mtoto, na mkwaruzo wa panga ubavuni. Niliona tunda tu. Sikujua Caren aliona nini.

Jua likafika pale Ogola alipoonyesha. Byron akasimama bila kutazama mtu, akachukua panga kwenye kona ya jiko.

“Ngoja,” nikasema. “Kiboko aliahidi kurudisha.”

“Mama, inatosha.”

“Aliniapia! Alisema anakwenda Luanda Kotieno mara moja, kuna mtu wa kumwona, na akifika atamwuliza bwana feri kama—”

“Hakuna kiboko!” Ogola akapiga kofia gotini. “Hakuna kiboko, Mama, kuna mwanamke mmoja mkaidi, na mimi leo nitamwambia mbele ya ukoo wote kwamba—”

Bawaba za lango zikalia.

Caren aliingia akiwa ameinama mbele kidogo, matope ya kivukoni mpaka magotini. Mgongoni alikuwa amebeba yago. Si ile ya jana, hiyo sijui aliiacha wapi. Hii ilikuwa ndefu sijapata kuona, na hapo siongezi kitu: ilianzia begani kwake ikapita kiuno, na ncha yake ilikuwa inampigapiga nyuma ya mapaja, kama miguu ya mtoto aliyekua kupita umri wa kubebwa lakini amelala njiani. Alikuwa ameivika lile sweta la kijani, Frankline alilomwachia. Mikono ya sweta alikuwa ameifunga kifuani pake, mafundo mawili, vile alivyokuwa anamfunga Elsie.

Byron akaweka panga chini. Oluoch akaishika fimbo yake, akainuka.

Mdomo wa Ogola ulikuwa bado wazi. Akaufunga, akaenda mbele, akanyoosha mikono miwili kumpokea mzigo.