Ukuta Aliouomba

Enzi zile chuo hakikuwa na uzio, na wanafunzi walikata njia katikati ya ua wa bibi fundi cherehani. Walipita mbiombio, roho juu, wakiangusha nguo alizoanika na kudokoa mapera yake, halafu jioni wanarudi na suruali zilizochanika, wanacheka. Bibi aliwafokea mpaka sauti ikamkauka, kisha akawashonea. Maji yalipomfika shingoni, alienda chuoni kudai ukuta, nao wakamjengea.

Leo amekaa uani na cherehani yake, mbele yake binti wa chuo anayewahoji wakazi. Binti amelazimika kuzunguka mtaa mzima ili afike.

"Bibi, chuo kinawasikiliza wakazi? Nipe alama, moja hadi tano."

"Tano. Niliomba ukuta, nikapewa."

"Na maisha ya hapa tangu ukuta ujengwe?"

Bibi aliutazama ua wake. Nguo zilitulia kambani, mapera yalikuwa yameozea chini ya mti, na hapakuwa na hata mwanafunzi mmoja wa kumgombeza.

"Moja, mjukuu wangu. Andika moja, na uwaambie waje wautoboe huo ukuta."