Gitaa la Upande wa Kushoto

Muuza vifaa vya simu pale Mabatini alizichomeka hedifoni zangu kwenye simu yake, akaziweka masikioni, akaanza kutikisa kichwa.

"Dada, hizi zinapiga pande zote mbili."

"Upande wa kushoto haupigi," nikamwambia. "Tangu asubuhi."

"Unapiga. Sikiliza mwenyewe."

Nikasikiliza. Kulia ngoma na sauti za waimbaji, kushoto kimya. Basi nikazigeuza: ile ya kushoto nikaiweka sikio la kulia, nayo ikapiga vizuri kabisa. Ile ya kulia nikaiweka sikio la kushoto. Kimya. Nikamrudishia simu yake, nikasema asante, nikatoka dukani. Kilichoharibika hakikuwa kifaa.

Nilipovuka barabara niliangalia kulia, kisha nikaangalia kushoto haraka haraka, kama mtu anayetegemea masikio yamsaidie. Pikipiki ikanipitia karibu hadi kioo chake kikanigonga mkono. Dereva alisimama mbele kidogo akageuka.

"Mama, nimepiga honi mpaka basi! Husikii?"

Nilikaa kwenye ngazi za duka la jirani, nikampigia simu kaka yangu.

Kaka yangu ndiye mtu wa muziki katika familia yetu. Anapiga gitaa katika kanisa la Kilutheri hapa mjini, kama baba alivyofanya kule kwetu Kagera, lakini nyumbani kwake anasikiliza muziki wa roki. Miaka michache iliyopita, nilipohamia Buswelu kufundisha shule ya msingi, alinipa albamu moja ya gitaa tupu. Nyimbo tisa, hakuna anayeimba hata neno. Nilimuuliza nitasikiliza nini sasa kama hakuna maneno. Akasema, "Wewe kaa nayo tu. Hakuna atakayekuambia ufurahi au ulie."

Nikakaa nayo. Nikapika nayo, nikasahihisha madaftari nayo, nikapanda nayo kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba ninayopanga. Nikawa na mahali pangu ninapopapenda. Katika wimbo wa kwanza, napenda zile sekunde chache kabla gitaa halijaanza, mashine ya sauti inaponguruma peke yake na unajua kuna mtu ameshaweka vidole kwenye nyuzi. Katika wimbo wa tatu kuna noti moja ambayo mpiga gitaa anaivuta juu, anazidi kuivuta, mpiga ngoma anaacha, nayo inabaki angani peke yake hadi unaihurumia. Na wimbo wa mwisho, polepole sana, unasikia vidole vikikwaruza waya, na mara moja unasikia mtu anavuta pumzi.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye wimbo wa tano. Magitaa mawili yanaingia, moja sikio hili, jingine sikio lile. Yanajibizana, la kushoto likiwa chini na zito, la kulia likicheka juu yake. Kisha yanaanza kukaribiana mpaka yanakutana katikati ya kichwa chako na kupiga noti moja. Mara ya kwanza nilitoa hedifoni nikaangalia nyuma yangu.

Kaka alinikuta pale pale kwenye ngazi, akanipeleka hospitali siku ile ile, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mimi nilikuwa nataka kusubiri Jumatatu. Nilidhani ni nta ya sikio tu.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akachungulia masikio yote mawili na taa yake. Kisha akatoa chuma chenye ncha mbili, akakigonga kwenye goti lake, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu.

"Unakisikia upande gani?"

"Kulia."

Akakigonga tena. "Una hakika?"

"Kulia, daktari."

Akaandika. Nilimwangalia usoni nikitafuta jambo la kunipa moyo, sikuliona.

"Si nta, mwanangu. Ni mshipa wa fahamu wa sikio. Huwa unazimika ghafla, na mara nyingi hatujui sababu. Nitakupa vidonge vikali, uvimeze kama nilivyoandika, usiache hata kimoja."

"Sikio litarudi?"

"Kuna wanaorudi sawa. Kuna wanaorudi nusu. Kuna wasiorudi."

"Na hili la kulia?"

"Mara nyingi ugonjwa huu hauendi upande wa pili."

Mara nyingi. Neno hilo nililibeba hadi Buswelu.

Siku zilizofuata ndizo nilizoogopa kuliko zote maishani mwangu. Vile vidonge vilinipa njaa na kunidundisha moyo. Ndani ya sikio lililokufa kukazuka mlio, kama redio iliyopoteza stesheni, hauzimwi wala haupunguzwi. Darasani mtoto wa upande wa dirishani aliita "Mwalimu! Mwalimu!" mpaka wenzake wakacheka, nami nikajua kwa kuona midomo yao. Mama alipopiga simu kutoka nyumbani, kwa mazoea niliiweka sikio la kushoto. Nikasubiri aseme kitu. Nilipoihamisha nikakuta analia.

"Mbona hunijibu? Nilidhani umeanguka."

"Nipo, mama."

"Kaka yako ameniambia. Njoo nyumbani."

"Nikija nyumbani litapona?"

Akanyamaza, na mimi nikaogopa hata ule ukimya wake, kwa kuwa sasa kila ukimya ulinifanya nijiulize kama ni wa watu au ni wangu.

Kila asubuhi niliweka hedifoni ya kushoto peke yake, nikafungua ule wimbo wa tano, nikaongeza sauti. Hakuna. Nilihisi mtetemo kidogo kwenye ngozi, basi. Baadaye niliacha, maana nilianza kuuogopa ule wimbo kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo.

Jumapili kaka alikuja na gitaa lake moja kwa moja kutoka kanisani.

"Weka ule wimbo," akasema.

"Sitaki."

"Weka. Kwenye spika."

Akaketi upande wangu wa kulia, karibu kabisa. Wimbo ulipoanza, sikio langu moja likapokea kelele zote zikiwa zimerundikana, nami sikujua kipi kinatoka wapi. Kisha kaka akaanza kupiga ile sehemu nzito ya chini, ya gitaa la kushoto, taratibu. Alikosea mara mbili, akaanza upya. Nilimtazama vidole. Nilikuwa nimeisikia sehemu ile mara nyingi sana na sikuwahi kujua kwamba ina huzuni namna ile. Nililia mbele yake bila aibu, naye hakuniambia ninyamaze.

Kabla vidonge havijaisha, asubuhi moja nilijilazimisha tena. Safari hii kitu kilisikika. Gitaa la kushoto lilikuwepo, lakini limepinda, limeshuka chini ya mahali pake, kama linapigwa ndani ya pipa la maji. Nikaweka hedifoni masikio yote mawili. Magitaa yakakaribiana, yakafika pale yanapokutana, na kila moja likapiga noti yake. Nilizitupa hedifoni kitandani nikawahi hospitali nikiamini kwamba sasa na ubongo unaharibika.

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni dalili nzuri. Linaamka. Halijajua bado kupanga sauti."

"Litajua?"

"Tusubiri."

Lilijua, kwa sehemu. Katika miezi iliyofuata noti zilipanda polepole kuelekea mahali pake, na siku moja yale magitaa mawili yakakutana, karibu sawa. Sauti za juu hazikurudi. Ile noti ya wimbo wa tatu, inayovutwa angani, kwa sikio la kushoto inakatika njiani na kumwachia mwenzake aimalizie. Vidole vinavyokwaruza waya navisikia kulia tu. Daktari alisema nishukuru, nami nashukuru.

Lakini hofu haikuondoka na ugonjwa. Wanafunzi wanapofanya mtihani na darasa likatulia, ikafika dakika ambayo hakuna anayekohoa wala kufungua ukurasa, moyo wangu huanza kukimbia. Hapo hupeleka mkono wangu karibu na sikio la kulia, kama ninayerekebisha kitambaa cha kichwa, nikasugua vidole viwili nijue kama bado linasikia.