Batri ya Mutumbwi na Kilio ya Jirani

Ulikuwa ule mwaka tulikula majani ya lengalenga asubuhi na lengalenga magaribi, mupaka ukimuona mutu anacheka, meno yake ni ya kijani. Samaki sambaza tulisahau hata harufu yake. Vita ilikuwa imefunga ziwa, na mitumbwi ya Goma yote ikapandishwa inchi kavu, ikalala juu ya mawe meusi kama ng'ombe wagonjwa.

Mwanangu, kuna siku moja ya ule mwaka hainitoke kichwani. Nilikuwa bado mama kijana. Mume wangu, Papa Baraka, alikuwa na mutumbwi mukubwa wa moteri, ule wa kupeleka watu na viazi Minova. Moteri yake haikuwa ya kuvuta kamba. Bila batri haiamuke. Basi tulipoupandisha, tulifungua nyaya, tukaleta batri nyumbani, nikaiweka juu ya ubao, mbali na makala ya jiko. Kila Jumapili nikitoka misa, naibeba kwa fundi mwenye pano ya kuvuta umeme wa jua, anaijaza moto. Masomo yangu ni kidogo sana, usinicheke, lakini njaa naijua. Batri iliyolala bila kazi nayo inasikia njaa, polepole, bila kulia.

Halafu jirani akafiwa na baba yake. Unajua kwetu: kilio bila muziki wa kwaya, watu wanasema mulizika mbwa. Umeme wa kuwasha vyombo vya kwaya hakukuwa. Ndugu zake wakaja mulangoni kuomba batri.

Nikawaambia: "Batri ya mutumbwi haitoke humu ndani."

"Mama Baraka," mumoja akasema, "mutumbwi wenyewe umelala. Hiyo batri unaitunzia arusi?"

Wakacheka, hata na huzuni yao. Papa Baraka hakucheka. "Mwanamuke, unataka siku yetu tukose watu wa kutuzika?" Akaiinua yeye mwenyewe, akawapa. Simulaumu sana. Kumunyima mutu wa kilio ni aibu, na yeye aibu ilimuuma kuliko jino.

Kwaya iliimba mupaka batri ikakauka kabisa. Ikarudi, ikawekwa chini ya kitanda, tupu. Nikitaka kuibeba kwa fundi, mume wangu anasema, "Iache. Siku ziwa litafunguliwa, tutaijaza." Batri haikungoja hiyo siku. Ikaoza ndani, kwa inje inangaa tu.

Asubuhi moja simu ikalia. Riziki, dada mudogo wa mume wangu, aliolewa kule Minova. Uchungu ulimushika, mutoto amekaa vibaya, maternite ya kule, ya kuzalishia, imeshindwa, barabara imefungwa. Wakatuambia: mukuje na mutumbwi, mumulete Goma. Wakubwa wa bandari wakatupa ruhusa sababu ya mugonjwa. Tukakimbiza batri kwa fundi. Akaijaza, ikakubali, tukafurahi. Tulipofika kwenye maji, moteri ikakohoa mara moja tu, kimya. Tukatafuta ingine: wenye mitumbwi walikuwa wameziuza zao, wakakula.

Papa Baraka akachukua kasia. Yeye na vijana wawili wakapiga kasia mupaka mikono ikatoka damu. Walipofika, jua lilikuwa limegeuka, na Riziki alikuwa ameshafunikwa na kitenge, yeye na mutoto wake tumboni. Watu wa kule walisema aliuliza kuhusu mutumbwi mupaka sauti ikaisha.

Kilio yake tulifanyia hapa. Kwaya ikaimba, kwa batri ya watu wengine. Mume wangu alikaa anaiangalia ile batri, hakuangalia jeneza. Mupaka alipokufa, hakuniambia tena neno juu ya aibu.

Sasa ziwa limefungwa tena. Mutumbwi wa watoto wangu umepandishwa, na batri yake iko kwangu, juu ya ubao. Jana jirani wa huku nyuma alifiwa. Mujukuu wangu Josué, na ndevu zake zote, akaja mbio: "Koko, wanaomba batri. Ni kilio, Koko! Watu watatuchukia."

Mwanangu unayesoma, shika haya. Mutumbwi ukilala, fungua nyaya. Pangusa vichwa vya batri, itilie maji yake, usiiache ikae tupu hata kidogo, ijaze tena kabla haijaomba. Na mufiwa usimuendee mikono mitupu: peleka makala ya kupikia, beba maji, lala naye chini kwenye mukeka. Mimi jana nilipeleka sufuria ya maharagi na mugongo wangu, nikaoshea watu masahani. Walininunia, nikaosha tu. Mungu akupe nguvu ya kununiwa. Mungu akupe mutumbwi unaoamuka siku watu wako wanakuita.

Lakini Josué nilimujibu pale pale mulangoni:

"Batri ya mutumbwi haitoke humu ndani."