Mashimo ya bati la Nalongo na vumbi la angani

Wakuu, shikamoo nipeni nyinyi, maana wengi humu ni wajukuu zangu. Nimeishi kota za polisi Nsambya mpaka mzee wangu akafariki, sasa niko Kawempe. Shule sikufika mbali. Ila haya niliyaona kwa macho yangu.

Mjukuu wangu Lamunu anasoma chuo hapa Kampala. Kazi yake nilidhani ni mchezo.

Kuna vyombo vinapelekwa juu angani, vinazunguka, halafu vinarudishwa. Vikirudi, ngozi yake imejaa vishimo vidogo, jicho halivioni. Lamunu anatazama picha zake kwenye kompyuta, zimekuzwa mpaka kishimo kinakuwa kama beseni.

Anatafuta nini kimepiga hapo. Ni vumbi la angani lenyewe, au ni takataka za watu, mfano rangi iliyobanduka kwenye chombo kikuukuu? Huko juu hata chembe ya rangi inakwenda mbio kushinda risasi.

Anaangalia ukingo umeinukaje na ndani kumebaki nini. Kama hakuna kitu, anaandika "haijulikani".

Nikamwambia, "Yaani unasomea kutojua?"

Akacheka. "Jjajja, nikibahatisha, wanaojenga chombo kingine watajikinga na kitu kisichokuwepo."

Sikumwelewa.

Sasa mvua za juzi. Nalongo, mwenye nyumba wetu, akaamka godoro limelowa. Bati limetoboka. Hakuuliza mtu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha, Mkongomani anayeshona nguo chumba cha mwisho. Vijana wake wawili wana manati, kila mtu anajua.

"Jumapili nisikukute hapa!"

Mama Furaha akaja kwangu analia. "Batoto yangu habakupiga ile bati, Mama. Nitaenda wapi na cherehani?"

Nalongo naye akaja nyuma yake, anataka mimi mkubwa wa ua nikubali. Kusema kweli, nilikuwa nimeshakubali moyoni. Wale watoto ni watundu.

Lamunu alikuwa ananimenyea ndizi za matooke. Akaweka kisu chini, akaomba ngazi.

"Unapanda kufanya nini, wewe msichana?" Nalongo akauliza.

"Kuangalia mashimo, nyabo."

Akakaa huko juu mpaka shingo zikatuuma. Akasema mashimo ni manne. Matatu yamekaa mstari mmoja kama vifungo vya shati, na midomo yake imetazama juu. Jiwe likitoka juu, midomo inaenda chini.

"Nalongo, hili bati ulinunua jipya?"

Nalongo akakohoa, akasema si jipya. Lilitoka nyumba iliyobomolewa. Fundi aliligeuza kwa sababu upande wa juu ulikuwa na kutu. Basi yale ni matundu ya misumari ya zamani.

"Na la nne?" Nalongo akauliza.

"La nne limepigwa kutoka juu."

"Eeh! Si nilisema! Manati!"

"Kilichopiga kimetoka juu, nyabo. Nini, sijui. Hakuna kilichobaki. Hata kaloli, lile ndege kubwa la jalalani, anaangusha mifupa kwenye mabati haya."

"Miaka yote hiyo chuoni uje kuniambia sijui?"

Hapo nikaingia mimi. Nikamwambia, "Nalongo, sema wewe basi. Ulimwona mtoto gani akirusha?"

Akatazama ngazi. Akatazama Mama Furaha. Akakiri hakumwona mtu akirusha.

"Kama hukuona, huyu mama hatoki."

Akaondoka anabamiza ndala. Samahani hakuomba, msidanganyike. Lakini kesho yake fundi alikuja na lami, na Jumapili ilipita. Cherehani naisikia hata sasa ninapoandika. Manati nimeyachukua mimi, yako chini ya kitanda changu.

Nilichojifunza: lile "haijulikani" la Lamunu nililiona uvivu. Siku ile ndilo lililomwachia mtu chumba chake.

Haya, nyie mliosoma: mmeshafukuza mtu kwa shimo ambalo hamkuona likitobolewa? Semeni hapa. Matusi sitaki.